Namna ya kukagua Ford Model A ya wazi kabla hujatoa pesa

Tangazo linasema gari limekarabatiwa kila kitu. Pichani rangi inang'aa, turubai ni jipya na ringi za waya zimepakwa krimu. Kazi yangu ni kukagua magari ya namna hii huku Marekani kwa niaba ya wanunuzi, na rangi ndiyo naiangalia mwisho, kwa sababu rangi ni kitu ulichoandaliwa uone. Pesa huliwa na vitu vitatu ambavyo kamera haivioni: namba, bati la chini na beringi za injini.

Nachukua Model A kuwa mfano kwa kuwa ni gari la wazi la kabla ya Vita ya Pili ya Dunia utakalokutana nalo mara nyingi sokoni. Ford walitengeneza karibu milioni 5, za modeli ya 1928 hadi 1931, na hadi leo vipuri vyake vinatengenezwa vipya. Anayetafuta Packard au Chevrolet ya miaka hiyo atafaidika na hatua nyingi za hapa, isipokuwa zile za injini.

Hatua ya 1: Jua ni gari gani hasa

Wauzaji huliita gari lolote lisilo na paa la bati "kabrioleti". Angalia milango. Rodsta haina vioo vya kupandisha. Mvua ikinyesha unafunga mapazia ya pembeni yenye madirisha laini. Kabrioleti ina vioo vya kuzungusha kwa mkono, na ndani ya bodi yake kuna mbao nyingi kuliko rodsta. Mbao hizo zikioza, mlango haufungi vizuri na kuzibadilisha ni kazi ya fundi seremala mwenye subira, kwa hiyo ukienda kuona kabrioleti beba tochi na bisibisi nyembamba ya kuchomachoma.

Mwaka nao hujitaja wenyewe. Gari la 1928 au 1929 lina ringi za inchi 21. La 1930 au 1931 lina za inchi 19, na fremu ya rejeta na taa zake ni chuma kisichoshika kutu. Ukikuta tangazo la 1929 lenye ringi za 19, uliza kwa upole. Wapo waliochanganya vipuri kwa kupenda tu, na hilo si kosa mradi bei ilingane.

Hatua ya 2: Soma namba kabla ya kufungua mkoba

Utambulisho wa Model A ni namba ya injini. Imegongwa upande wa kushoto wa bloki, juu kidogo ya pale maji ya rejeta yanapoingilia. Inaanza kwa nyota na herufi A, halafu tarakimu, kisha nyota nyingine. Namba hiyohiyo iligongwa kiwandani juu ya reli ya kushoto ya chesisi, lakini hapo bodi inaifunika, huioni bila kuiinua.

Pitisha kidole juu ya sehemu ya namba. Chuma cha kutupwa kina ukwaruvu wake. Ukikuta pamesagwa laini kuliko pembeni, au tarakimu zimekaa upogo huku nyingine zikiwa na kina tofauti, mtu ameshapita hapo. Injini zilibadilishwa sana miaka hiyo na bloki za akiba zilitoka Ford bila namba, hivyo si kila tofauti ni wizi. Tatizo ni hati ya umiliki: katika majimbo mengi imeandikwa namba ya injini. Hati ikisema namba moja na bloki nyingine, utakwama siku ya kusajili.

Dawa ni kuomba picha zilizopigwa bodi ikiwa imeinuliwa. Aliyekarabati gari kweli anazo, kwa sababu hakuna anayevua bodi bila kupiga picha. Asiyenazo labda alipaka rangi tu.

Hatua ya 3: Sumaku, halafu tope

Funga sumaku ndogo kwa kitambaa uipitishe kwenye kona za chini za milango, chini ya kifuniko cha nyuma na kwenye matao ya magurudumu. Ikiganda kwa nguvu, ni bati. Ikilegea, chini ya rangi kuna pati nene. Isipoganda popote pale, bodi nzima ni faiba.

Sumaku haitakwambia kama bati ni la 1930 au la juzi. Brookville Roadster wa Ohio wanatengeneza bodi mpya za chuma za rodsta, na ni nzuri. Gari lenye bodi ya namna hiyo linaweza kukufaa zaidi kwa safari, ila lisiuzwe kwa bei ya lile lililotoka Ford.

Sasa lala chini. Ukikuta lami nyeusi nene imepakwa kila mahali, jiulize inaficha nini. Napendelea gari lenye vumbi na oili kidogo chini, hapo angalau naona. Ukishatoka huko, fungua mlango, shika ncha yake uinue: ukicheza, pini za bawaba zimekwisha. Tazama pia mwanya wa mlango juu na chini. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, huenda chesisi imelegea katikati, na gari lisilo na paa halina kingine cha kuishika.

Hatua ya 4: Washa injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Gusa bloki mwenyewe. Ikiwa ya moto, kunywa chai usubiri, au rudi kesho.

Kuiwasha kuna utaratibu. Fungua valvu ya petroli chini ya dashibodi. Hakuna pampu, tenki liko mbele ya dashibodi na petroli inateremka yenyewe. Leva ya kushoto ya usukani ni ya cheche: ipandishe juu kabisa. Ya kulia ni ya mafuta: ishushe kidogo. Vuta choki, washa swichi, kanyaga kitufe cha stata sakafuni. Ikishika, achia choki na ushushe leva ya cheche taratibu. Ukiwasha leva ikiwa chini, injini inaweza kurudi nyuma kwa kishindo. Muuzaji asiyejua hili hajaliendesha gari lake.

Iache ipate moto, kisha sikiliza. Beringi za injini hii ni babiti, madini laini yaliyomiminwa moja kwa moja kwenye chuma na kuchongwa. Zikiisha hununui seti dukani. Injini inafunguliwa na babiti inamiminwa upya, au bloki inachongwa ikubali beringi za kisasa. Vyovyote vile ni maelfu ya dola.

Kuna njia rahisi ya kupima. Model A haina nyaya za plagi. Kuna vipande vya bati la shaba kutoka distribyuta hadi kila plagi, viko wazi. Chukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao mkavu. Gusisha chuma chake kwenye hedi, kisha kiegemeze kwenye kichwa cha plagi ya kwanza. Silinda hiyo inazimika na injini inayumba. Rudia kwa zote nne. Kama kulikuwa na mlio wa ngo-ngo-ngo na ukapotea ulipozima silinda ya tatu, basi beringi ya konrodi ya tatu ndiyo inayogonga. Umeshapata hoja ya kupunguza bei.

Mengine ni ya haraka. Toa kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia. Angalia kikombe cha machujo cha petroli: ukiona unga mwekundu, tenki lina kutu. Umeme ni volti 6 na chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Fundi wa kawaida hugeuza bila kujua, basi tazama betri.

Hatua ya 5: Liendeshe

Gia ni tatu na hazina sinkronaizi. Unakanyaga klachi mara mbili, la sivyo zinasaga. Kusaga kwa sababu yako si ubovu, gia kuruka yenyewe ukiachia mafuta ni ubovu. Injini ina nguvu ya farasi 40, na mwendo wake wa raha ni kama kilomita 70 kwa saa. Breki ni za fito kwa magurudumu yote manne. Mtu akikwambia "ndivyo zilivyo, hazishiki", usikubali: zikirekebishwa sawasawa zinashika vizuri. Kaa pia macho na usukani. Mbele ikitetemeka kwa nguvu baada ya kupita shimo, bushi na vichwa vya fito vimelegea.

Hatua ya 6: Turubai

Likunje na kulikunjua mwenyewe, muuzaji akiwa pembeni. Pinde za mbao zisiwe na nyufa kwenye misumari. Uliza mapazia ya pembeni yako wapi. Mara nyingi yamebaki gereji ya mwenye gari wa kwanza.

Hatua ya 7: Karatasi

Wazee wengi wanaouza magari haya ni waungwana. Hawadanganyi, wanasahau. Kwa hiyo omba risiti, hasa ya aliyefanya injini, umpigie. Karatasi ya waamuzi wa MAFCA au MARC, vyama viwili vikubwa vya Model A, ina uzito kuliko maneno ya tangazo, kwa sababu wanakagua hadi aina ya boliti. Kwa bei, fuata kiasi ambacho magari ya aina hiyo yameuzwa, usifuate kinachotajwa kwenye matangazo. Kisha linganisha hati na bloki tarakimu kwa tarakimu, hakikisha hakuna mkopo unaolidai gari, na malipo yafanyike benki, hati ikisainiwa mbele yako.