Kijiti cha oili hakisomwi kwenye mwinuko

Nabeba mboga kwa Probox. Siku tatu kwa wiki natoka Lushoto saa tisa usiku, nateremka hadi Mombo, napita Korogwe na Segera, na kukipambazuka niko Soko la Mgandini pale Tanga nashusha karoti na pilipili hoho. Gari hili ndilo duka langu. Likizima njiani, mzigo unaoza na mkulima aliyenikopesha anabaki kusubiri. Ndiyo maana kupima oili simwachii mtu, hata fundi wangu ninayemwamini.

Wengi tunapima hivi: fungua boneti, chomoa kijiti, tazama, rudisha. Nami nilipima hivyo mpaka siku moja nikiwa napandisha kutoka Mombo. Nilisimama Soni, gari mbele limetazama juu, nikachomoa kijiti. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini. Niliogopa, maana nilishasikia injini ngapi zimenoki kwa kuishiwa oili. Nikanunua lita moja dukani, nikaimimina yote. Kesho yake gari likaanza kutoa moshi wa bluu, na tulipopima tukiwa tambarare, kijiti kilikuwa kimelowa vidole viwili juu ya alama ya juu.

Fundi aliniuliza, "Dada, ulipima ukiwa umeegesha wapi?"

"Soni, pale kwenye kona."

"Mbele ilitazama juu au chini?"

Nikamwambia juu. Akachukua beseni lake la kuoshea vifaa, akaliinamisha, mafuta yakakimbilia upande mmoja. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Sampu, yaani chombo cha chini ya injini kinachokaa oili, ni beseni. Kwenye gari langu kijiti kinaingia upande wa mbele wa injini, kwa hiyo mbele ikiinuka oili inakimbilia nyuma na kijiti kinasoma pungufu. Ningekuwa nimeegesha nikiteremka, kingesoma nyingi kuliko iliyopo, na hilo ndilo linanitisha zaidi mpaka leo: ningefunga boneti nimeridhika huku injini ina kiu.

Oili nyingi kupita kiasi nayo inaharibu. Krankishafti, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, inazunguka juu kidogo tu ya oili iliyotulia. Oili ikipanda ikaifikia, inachapwa kama mayai kwenye bakuli, inajaa povu, na pampu ikivuta povu badala ya oili nzito, presha inashuka. Nyingine inasukumwa kwenye njia ya kupumulia ya injini, inaingia kwenye hewa inayovutwa, inaungua. Ule moshi wa bluu ulitoka huko. Fundi alipitisha mpira mwembamba kwenye tundu la kijiti, akavuta iliyozidi kwa bomba kubwa la sindano mpaka ikafika mahali pake.

Tangu hapo jambo la kwanza kwangu ni mahali. Lushoto usawa ni adimu, kila ua lina mteremko wake. Nilipata sakafu ya zege mbele ya mashine ya kusaga ya jirani, lakini sikuiamini kwa macho. Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita, nikaijaza nusu, nikaifunga, nikailaza chini kufuata urefu wa gari. Maji yakikaa sawa mwanzo mpaka mwisho wa chupa, pako sawa. Kisha nikaigeuza kufuata upana. Pembe moja ya ile zege ina mteremko ambao jicho halioni, nikaikwepa. Sasa naegesha palepale kila mara, matairi kwenye mstari uleule. Ukishapata mahali pako, usihame.

La pili ni muda. Injini ikiwa inafanya kazi, oili iko juu kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali), kwenye mifereji, kwenye filta. Ukizima haidondoki yote mara moja. Vitabu vingi vya gari vinasema ipashe moto injini, izime, subiri kama dakika tano, ndipo upime. Kitabu changu kilikuja na gari kutoka Japani kikiwa kwa Kijapani, kwa hiyo nilipata maelezo kwa fundi. Kama uko kituo cha mafuta na umetoka barabarani, ngoja dakika hizo zote, ziwe hata kumi. Mimi napima alfajiri kabla ya kuwasha, oili imeshuka usiku kucha. Oili ya baridi inasoma chini kidogo kuliko ya moto, kwa sababu mafuta yakipata joto yanatanuka. Tofauti ni ndogo, lakini usipime leo ikiwa baridi na kesho ikiwa moto halafu ukalinganisha.

Sasa kijiti chenyewe. Ukikichomoa mara ya kwanza usikisome kabisa. Kimekaa humo safari nzima kikirushiwa oili na kimelowa mpaka juu. Kifute kikavu. Mimi natumia kipande cha fulana ya zamani, maana kitambaa kinachotoa nyuzi kinaziacha kwenye kijiti nawe unazipeleka ndani ya injini. Kirudishe polepole mpaka kigote. Kikibaki nje hata kwa unene wa kidole, unajidanganya. Hesabu moja mpaka tatu, kisha kitoe kwa mkono mmoja bila kukwaruza kuta za tundu.

Kishike kimelala. Ukiinua ncha juu, oili inateleza kuelekea mkononi na alama inapotea. Tazama pande zote mbili. Upande mmoja huwa umelowa juu zaidi kwa sababu umegusa ukuta wa tundu. Soma ule wa chini, na soma pale ambapo oili imeshika kijiti chote kwa mstari, siyo michirizi inayopanda pembeni. Pande zikitofautiana sana, futa urudie. Mimi narudia mara mbili hata zisipotofautiana.

Oili mpya ni ngumu kuonekana, hasa kwa tochi ya simu saa tisa usiku. Ina rangi ya asali na kijiti kinang'aa nayo. Nalaza ncha juu ya tishu nyeupe: panapokauka na panapolowa panajichora penyewe kwenye karatasi.

Kijiti changu kina vishimo viwili vidogo. Vingine vina herufi F na L, vingine MAX na MIN. Oili ikiwa popote kati ya alama hizo, injini iko salama. Kwa gari ndogo nyingi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja, baadhi zaidi kidogo. Hapo ndipo nilipokosea Soni, kumimina lita nzima kwa mkupuo. Siku hizi naongeza robo lita, ya namba ileile ya unene kama iliyomo, nasubiri dakika kadhaa ishuke, napima tena. Naacha kabla ya alama ya juu.

Kama gari lako ni otomatiki la zamani kidogo, chunguza kwanza, maana mengi yana vijiti viwili. Kile cha giaboksi kina mafuta mekundu na kwa kawaida hupimwa injini ikiwa inaunguruma, kinyume kabisa na cha injini. Nimeona kijana akimimina oili ya injini kwenye tundu la giaboksi, na bado roho inaniuma nikikumbuka sura ya mwenye gari. Yapo pia magari, hasa ya Ulaya, yasiyo na kijiti kabisa. Hayo yanapima yenyewe na kuonyesha kwenye dashibodi.

Wakati kijiti kiko mkononi, nusa na tazama. Weusi peke yake si ugonjwa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Usiwashe, ita fundi. Na kama oili imepanda bila wewe kuongeza, au inanuka petroli, hiyo nayo ni kazi ya fundi.

Tafadhali, usisubiri taa nyekundu yenye umbo la birika. Taa hiyo haipimi wingi, inapima presha. Ikiwaka ukiwa njiani, pampu inaweza kuwa tayari inavuta hewa na beringi zinasagana chuma kwa chuma. Egesha, zima hapohapo, hata kama mzigo ni nyanya.

Nina daftari la kurasa chache kwenye droo ya gari. Naandika tarehe, kilomita, na kiwango: "robo chini ya juu", "nusu". Mistari hiyo ndiyo iliyonionyesha mwaka jana kwamba oili inashuka haraka kuliko kawaida, nusu ya kijiti ndani ya kilomita 1,000, wakati miezi yote ya nyuma ilikuwa haisogei. Chini ya gari hapakuwa na tone. Fundi alipomulika nyuma ya injini akakuta gasketi ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, imekauka, oili inachirizika taratibu na kuunguzwa na ekzosi kabla ya kufika ardhini. Ile harufu niliyokuwa nikidhani ni breki zangu nikiteremka Mombo ilikuwa ni hiyo oili. Tulibadilisha gasketi siku hiyohiyo, na tangu hapo daftari linaandika "robo chini ya juu" wiki baada ya wiki.