SOMO: Namna ya kuiuzia WFP mahindi

Wafanyabiashara wengi wa nafaka wanaamini zabuni za Umoja wa Mataifa ni za makampuni ya Ulaya. Si kweli. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) hununua nafaka hapa hapa Tanzania, na mpango wake wa P4P (Purchase for Progress) ulioanza 2008 ulivifungulia mlango hata vyama vya wakulima wadogo.

HATUA YA 1: Jisajili
Ukishakuwa na usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) na leseni, ingia ungm.org, tovuti ya manunuzi ya Umoja wa Mataifa. Usajili ni bure. Anayekudai hela ya "kukupitisha" ni tapeli, achana naye.

HATUA YA 2: Andaa mzigo
Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mkaguzi hatazami gunia la juu ulilolipanga vizuri. Anachoma bambo (chuma cha kutolea sampuli) pembeni, katikati, mpaka yale ya chini yaliyonyonya unyevu wa sakafu. Kwa hiyo anika kwenye turubai, si chini kwenye vumbi. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Lumbesa (gunia la kujaza kupita kiasi) sahau kabisa: uzito ni wa mizani.

Tusilichukulie hili kama usumbufu wa wazungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi haya yanaliwa na watoto kwenye kambi za wakimbizi, na wao hawana chakula kingine cha kuchagua.

HATUA YA 3: Piga bei
Soma kwenye tangazo la zabuni mzigo unakabidhiwa wapi. Bei ya ghalani Kibaigwa, Dodoma, si bei ya kufikisha Kasulu, Kigoma. Malipo huja baada ya kukabidhi, mara nyingi siku 30, hivyo mtaji wako uhimili kusubiri. Na tuma mapema. Zabuni iliyochelewa haifunguliwi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, ahsante kwa somo. Nina tani chache tu, nijisumbue?
Jibu: Peke yako bado. Ingia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mkusanye mzigo pamoja, au muuzie mwenye mkataba tayari. Mwambie akuoneshe vipimo anavyotakiwa kutimiza.

Swali: Kaka, nimeambiwa bila cha juu (rushwa) kwa afisa manunuzi sipati kitu.
Jibu: Usithubutu, dada yangu. Ukibainika unafungiwa, na orodha ya waliofungiwa husomwa na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa.

Swali: Kipima unyevu sina. Nifanyeje?
Jibu: Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, iache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, bado azima kipimo kabla ya kusaini, maana chumvi haiwezi kukutofautishia 13.5 na 14.5.