Kumpokea mgonjwa kwa utu hata foleni ikiwa ndefu

Soma faili nusu dakika kabla ya kumwita. Ukianza kusoma akiwa ameshaketi, ataongea na kisogo chako. Mwite kwa jina, si "yule wa kisukari", na mwamkie. Shikamoo kwa mzee haichafui koti jeupe. Kisha taja jina lako na kazi yako. Linaonekana jambo dogo, lakini Kate Granger, daktari Mwingereza aliyekuwa na saratani, alipolazwa mwaka 2013 aliona wengi waliomhudumia hawajitambulishi, akaanzisha kampeni nzima kwa ajili ya hilo tu.

Kaa. Kompyuta iwe pembeni, isiwe ukuta kati yenu. Uliza, "Nini kimekuleta leo?" halafu nyamaza. Utafiti wa Marekani wa 1984 ulikuta madaktari wakiwakatiza wagonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa kuwa tatizo linalotajwa kwanza mara nyingi silo kubwa. Mtu huanza na kichwa. Lile la aibu hulitaja akiwa ameshika kitasa cha mlango, nawe umeshaita mwingine. Kwa hiyo uliza mapema: "Kuna jingine?"

Vuta pazia, mweleze unachotaka kufanya, ndipo umguse.

Mwisho, usiulize "umeelewa?" maana kila mtu hujibu ndiyo. Mwambie akueleze mwenyewe atakavyomeza dawa. Bahasha iliyoandikwa 1×3 si maelezo.