Kuagiza Gari Japani Ukiwa Kisumu: Anza na Uvungu Wake

Mimi ni mama samaki. Nachukua mbuta na ngege Usenge alfajiri, nauza Kibuye, na siku mbili kwa wiki napeleka Kakamega. Miaka mingi nilipanda matatu na makreti yangu, maji ya barafu yakichuruzika sakafuni na abiria wakinuna. Septemba 2024 niliagiza Toyota Fielder ya 2017 kutoka Japani, mimi mwenyewe, bila kupitia yadi ya kuuza magari. Tangu ilipofika, wenzangu wa chama hawaishi kuniletea simu zao: "Dada, hebu liangalie hili." Naangalia. Picha zote zinang'aa. Hakuna gari baya kwenye picha iliyopigwa mbele baada ya kuoshwa.

Kwa hiyo nawauliza swali lile lile kila mara: uvungu uko wapi?

Huku kwetu gari la kazi linakufa kwa kutu kabla injini haijachoka. Ukibeba samaki, maji yanapita chini ya zulia na kukaa kwenye mikunjo ya bati. Ukibeba matofali au miwa, matope yanaganda kule chini msimu mzima wa mvua. Sasa kumbuka kwamba Japani nayo ina sehemu za theluji: Hokkaido, Tohoku, na pwani ya upande wa Niigata. Majira ya baridi barabara zao humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari lililoishi huko miaka saba limelambwa na chumvi kuanzia chini, na wewe unaonyeshwa rangi ya juu.

Dalili zipo ukijua pa kutazama. Kuza picha ya tairi usome ubavuni. Ukiona neno STUDLESS, hizo ni tairi za theluji, na gari hilo huenda lilitokea kwenye chumvi. Fielder au Probox inayovuta magurudumu yote manne pia ichunguze zaidi, maana watu wa kwenye baridi ndio wanaozipenda. Kisha mwandikie muuzaji umwombe picha nne: chuma kinachobeba injini kwa mbele, bomba la ekzosi kutoka mwanzo hadi mwisho, mipira na paipu za breki karibu na magurudumu ya nyuma, na shimo la tairi la spea likiwa tupu. Vumbi la kahawia kwenye nati na ekzosi si neno, kila gari lililotembea linalo. Kutu inayovimba na kubanduka kama magome ya mpera, hiyo kataa hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Fielder ya kwanza niliyoipenda ilikuwa nyeupe, kilomita 41,000, bei rafiki. Niliomba picha za uvungu. Siku tatu nikaambiwa gari liko ghala la bandarini, haliwezi kuinuliwa. Siku ya nne nikaomba karatasi ya mnada, na ilipokuja nikaelewa kwa nini.

Hapa nataka twende polepole. Karatasi hii ndiyo macho yako kule Japani, na wengi hawaiombi kabisa.

Magari mengi ya mitumba hupitia minada, na mkaguzi wa mnada hajui wewe ni nani wala hana haja ya kukufurahisha. Anazunguka gari na kuandika ukurasa mmoja. Juu kuna alama ya jumla. 4.5 ni safi sana, 4 ni nzuri, 3.5 ina mikwaruzo na mabonyeo lakini inaweza kuwa gari zuri la kazi. Ukiona R, RA au 0, gari liligongwa na mifupa yake ikatengenezwa. Kuna pia herufi ya ndani ya gari, A hadi D. C mara nyingi ni viti vyenye madoa au harufu ya sigara. Mimi mwenye samaki herufi hiyo hainisumbui.

Pembeni au chini utaona mchoro wa gari lililokunjuliwa kama katoni, na juu yake herufi ndogo zenye namba. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, X ni kipande kinachotaka kubadilishwa, XX kimeshabadilishwa. Namba hupanda kadiri tatizo linavyokua. A1 kumi zisikutishe. Bali XX kwenye boneti, XX kwenye mbawa ya mbele na W kwenye mlango unaofuata zinasimulia ajali ya upande mmoja, hata kama hakuna mtu aliyekutajia. Ile Fielder nyeupe niliyoipenda kwanza ilikuwa na S na C chini ya milango yote miwili ya kushoto.

Halafu tafuta herufi hizi za Kijapani: 修復歴. Maana yake ni historia ya kutengenezwa mifupa ya gari. Hapo herufi 無 ikizungushiwa duara au kuandikwa, hakuna. Ikiwa ni 有, ipo. Maelezo ya mkono yaliyobaki piga picha uyapitishe kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Tafsiri itakuja imevunjika vunjika, lakini neno kutu na neno kuvuja utayapata.

Karatasi isiyo na namba ya chasisi si karatasi yako. Muuzaji akiificha, mwambie aitoe kabla ya kulipa, kisha uilinganishe na ankara, na baadaye na cheti cha kufutwa usajili Japani na hati ya shehena ya meli. Tarakimu moja ikitofautiana, simama hapo hapo. Namba hiyo pia inakwambia ni gari gani hasa: Fielder inayoanza na NKE165 ni haibridi, yaani ya petroli na umeme pamoja, na betri ya haibridi ni gharama ya kuulizia kwa fundi wako mapema.

Kilomita nazo zina shahidi wa pili. Gari dogo la Japani hukaguliwa na serikali mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kilomita huandikwa. Kile cheti cha kufutwa usajili huonyesha kilomita za ukaguzi. Kama ukaguzi ulisoma 90,000 na dashibodi leo inasoma 60,000, umepata jibu lako.

Umri usibahatishe. Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hesabu inakwenda kwa mwaka wa kalenda. Mwaka 2025 mwisho ulikuwa gari lililosajiliwa 2018. 2026 ni 2019. Ndiyo maana kila Oktoba utaona magari ya mwaka unaoaga yakishuka bei ghafla. Langu la 2017 lilitakiwa liwe limefika Mombasa kabla ya Desemba 31, 2024. Lilishuka mwishoni mwa Novemba, na wiki zile sikulala vizuri. Meli inachukua wiki nne hadi sita, na ikisubiri bandari nyingine mbili njiani hakuna wa kumlaumu. Usinunue gari la namna hiyo baada ya Septemba.

Usukani uwe kulia, na kabla gari halijapanda meli liwe limekaguliwa huko huko na kampuni iliyoteuliwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya. Omba nakala ya cheti hicho. Usikubali "tutakagua Mombasa".

Sasa pesa. Uliza bei ya CIF, yaani gari, bima na nauli hadi Mombasa, usishangilie ile bei ya kuliacha bandari ya Japani. Ukishaijua, usiiweke kwenye hesabu ya ushuru, kwa sababu KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haifuati sana ankara yako. Wana orodha yao ya bei za magari mapya, wanaikata kulingana na umri wa gari, wanaondoa kodi zilizomo ndani yake, na kinachobaki ndicho thamani ya forodha wanayoitoza. Orodha hubadilishwa, kwa hiyo tumia ya sasa, si ile jirani aliyokutumia.

Tuseme thamani ya forodha imetoka shilingi 500,000. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, sawa na 175,000. Jumlisha, 675,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi 1,500 cc ni asilimia 20 ya hiyo, yaani 135,000. Tumefika 810,000, na VAT ya asilimia 16 juu yake ni 129,600. Ongeza ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2, zote kwa ile 500,000 ya mwanzo: 12,500 na 10,000. Jumla ya serikali ni 462,100. Injini ikivuka 1,500 cc bila kuwa kubwa sana, ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 25 na jumla inapanda hadi 501,250. Fielder yangu ni 1,496 cc. Hizo cc nne zina faida.

Bado kuna malipo ya bandari, wakala wa forodha, namba za usajili, bima na mafuta ya safari. Andika yote kwenye daftari kabla hujatuma hata dola moja.

Kutuma kwenyewe: tuma benki kwa benki, kwa akaunti yenye jina la kampuni lile lile lililo kwenye ankara. Shemeji yangu alipokea barua pepe ikisema akaunti imebadilika, imeandikwa kwa lugha ile ile ya muuzaji wake, na ankara ile ile ikiwa imeambatishwa. Alilipa. Muuzaji halisi hakuona senti, na pesa hazikurudi. Ilikuwa akiba ya miaka minne, na mpaka leo nyumbani kwao hatuligusii jambo hilo. Akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, zungumza na mtu, ndipo uende benki.

Wakala wa forodha awe na leseni ya KRA, na akupe gharama zake kwa maandishi. Ushuru lipa mwenyewe kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa KRA. Usimtumie wakala fedha za ushuru kwa M-Pesa akulipie, hata kama mnasali kanisa moja. Mpe nakala za hati mapema aingize taarifa kabla meli haijatia nanga, kwa sababu bandari ina siku chache za bure na baada ya hapo unalipia kila usiku gari linapolala.

Na wale mnaovutwa na magari ya bei poa mpakani Busia na Malaba, yenye namba za Uganda au ya kupita tu kwenda nchi nyingine: hayajalipiwa ushuru huku. Likikamatwa unalikosa gari na pesa. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Siku ya kulichukua, fika mwenyewe au mtume mtu unayemwamini. Angalia jeki, spana ya magurudumu, spea na funguo zote kabla hujatia sahihi. Soma tarakimu nne kwenye tairi: 3517 ni wiki ya 35 ya 2017. Zangu mbili zilikuwa hizo. Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, na kuna kupanda Mau Summit ukiwa umechoka. Nililala Nakuru, asubuhi nikabadilisha zile mbili ndipo nikaendelea. Redio haikushika stesheni nyingi za nyumbani, kwa kuwa FM ya Japani inaanzia 76 na kuishia chini ya zetu nyingi. Fundi wa redio ana kifaa kidogo cha kurekebisha hilo.

Nilipofika Kisumu sikulipeleka kwa baba watoto kulionyesha. Nililipeleka moja kwa moja kwa fundi wa Kondele, likapandishwa juu, likaoshwa chini kwa maji ya presha, likaachwa kukauka siku nzima, kisha likapakwa dawa nyeusi ya kuzuia kutu kila pembe mkono ulipofika. Zulia la nyuma tuliling'oa, tukaweka karai pana la plastiki lenye kingo chini ya makreti. Kila jioni nikirudi, maji yaliyomo nayamwaga, nafungua milango ya nyuma, na naacha upepo wa ziwa upite.