Kutua na teildraga kwenye simuleta bila kuishia kwenye nyasi za uwanja wa Wilson

Kama umezoea Cessna 172 kwenye simuleta, ile ya gurudumu la mbele, unaibwaga tu chini na inajinyoosha yenyewe, basi Piper J-3 Cub, ambayo ni teildraga, yaani ndege ya gurudumu dogo la mkia, itakushangaza. Magurudumu yanagusa vizuri, ushaanza kujisifu, halafu ghafla pua inaangalia Nairobi National Park na ncha ya bawa inalima nyasi. Hiyo ndio graundi lupu, ndege kujizungusha ghafla ikiwa ardhini, na inawapata watu wakati ndege iko chini tayari, sio hewani.

Sababu ni uzito. Kwa ndege ya gurudumu la mkia, uzito umekaa nyuma ya yale magurudumu makubwa mawili, kwa hivyo mkia ukianza tu kwenda kando unataka kuendelea hadi upite mbele. Sukuma toroli ya supamaketi kinyumenyume utanielewa. Kwa hivyo kazi yako yote ni miguu, na haiishi mpaka ndege isimame kabisa.

Kabla hujapaa ingia kwenye setingi. Zima ile ya kusaidia usukani wa mkia ujiendeshe wenyewe, maana hapa unataka bawa liende kulia na mguu uende kushoto, na ile kitu haitakubali. Kama huna pedeli, joistiki ya kuzungusha inatosha, lakini punguza ukali wake pale katikati, la sivyo kila ukiigusa kidogo ndege inaruka kando. Halafu panua kamera uone pande zote mbili za ranwei na uinue kiti kidogo. Rubani wa kweli anaona kwa pembe za macho, wewe una skrini moja tu, na pua ya Cub ikiwa juu inafunika ranwei yote. Utajua umenyooka kwa kulinganisha ile nyasi ya kushoto na ya kulia tu.

Usianzie Nairobi. Najua kila mtu anataka kutua nyumbani, lakini uwanja wa ndege wa Wilson, hapo Nairobi, uko kama futi 5,500 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Anza Malindi, ukishazoea urudi huku. Tofauti utaiona: mita ya kasi inasema maili 55 kwa saa lakini kwa ukweli unakimbia zaidi ya 60, ardhi inapita mbio, na macho yanakudanganya upunguze kasi. Usipunguze, fuata mita. Na ile injini ya nguvu za farasi 65 huku juu inabaki na kama 55 hivi, kwa hivyo ukiona mambo hayaendi, amua mapema kwenda raundi tena, yaani kupaa na kuzunguka ujaribu upya, usingoje mpaka uwe katikati ya ranwei.

Sasa kutua kwenyewe. Kwa Cub kuja na maili 60, ukikaribia ranwei iwe 55, haina flapsi (vile vibao vya nyuma ya bawa vya kukusaidia kuruka polepole) kwa hivyo usitafute swichi. Ukifika chini, kama futi 10, punguza injini yote na uanze kuvuta joistiki polepole huku macho yako yako mwisho wa ranwei, sio pale mbele ya pua. Wazo ni kuizuia isiguse. Unavuta, inashuka kidogo, unavuta tena, mpaka joistiki inafika mwisho na ndege inachoka yenyewe, magurudumu matatu yanagusa pamoja.

Hapa ndio watu wa simuleta wanaharibu: ikigusa tu wanashusha pumzi na mkono unalegea, springi ya joistiki inairudisha katikati, mkia unakuwa mwepesi na lile gurudumu dogo la nyuma halishiki tena. Ishikilie tumboni mpaka usimame. Na miguu icheze kidogo kidogo, kushoto, kulia, kushoto, kabla hata hujaona pua ikisogea, kwa sababu ukingoja uione ushachelewa. Kanyaga kidogo halafu toa, ukikanyaga na ukabaki hapo unaitupa upande wa pili.

Ikiruka kidogo baada ya kugusa, tulia, shikilia hivyo hivyo itarudi. Ikiruka sana, sukuma throto (ile ya nguvu za injini) yote na uende raundi tena. Usijaribu kuilazimisha chini kwa kusukuma pua, itaruka zaidi ya ile ya kwanza.

Upepo wa ubavuni ndio mtihani wenyewe. Weka hali ya hewa ya Julai, upepo wa kusini mashariki, ukija ranwei 07 ya Wilson kutoka upande wa Ngong utakupiga kulia. Shusha bawa la kulia, nyoosha pua kwa mguu wa kushoto, na ukubali gurudumu la kulia liguse kwanza, inaonekana vibaya lakini ndio sawa. Ukishakuwa chini usirudishe ileroni (vile vibao vya mabawa vya kulaza ndege upande) katikati, ongeza, kadri kasi inavyopungua ndio unalaza joistiki kulia zaidi mpaka mwisho, maana hewa juu ya bawa inazidi kukosa nguvu na upepo bado uko. Ama chagua ranwei 14, inayoangalia huo upepo, ulale salama, hakuna anayekuhukumu.

Kuna njia ingine ya kutua na magurudumu mawili ya mbele tu, mkia ukiwa juu. Unakuja na kasi kidogo zaidi na injini kidogo, ukigusa unasukuma joistiki mbele kidogo sana ibaki chini. Ni nzuri upepo ukiwa wa kusukasuka na mbele unaona vizuri, lakini kuna ile dakika mkia unashuka ambapo usukani umeishiwa hewa na gurudumu la nyuma halijagusa bado, miguu hapo iwe macho. Mimi ningesema jifunze ile ya magurudumu matatu kwanza.

Breki zisahau mpaka uwe mwendo wa kutembea. Ukizikanyaga mapema Cub inasimama kwa pua, na propela kwenye lami hata kwa simuleta inauma.