Lalamiko la ubaguzi chuoni: jinsi ya kuliandika lisitupwe

Malalamiko mengi ya ukabila vyuoni hukwama hata pale yanapokuwa ya kweli, kwa kuwa yameandikwa kama manung'uniko: "mhadhiri fulani ni mkabila." Hakuna ofisi inayoweza kuchunguza moyo wa mtu. Inachoweza kuchunguza ni kitendo, tarehe yake, na jinsi wengine walivyotendewa. Hatua hizi zinamfaa mwanafunzi yeyote wa chuo cha Nairobi, Mkenya au mgeni.

1. Andika siku hiyo hiyo. Tarehe, saa, chumba, waliokuwepo, na maneno yenyewe kwa lugha iliyotumika. Kama alisema "madoadoa" (neno la kuwadharau watu wa jamii nyingine), andika "madoadoa". Ukiandika "alinitukana kikabila" umeshatoa hukumu, na mchunguzi hana cha kupima.

2. Tafuta mlinganisho. Hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 3, inahusu kumtendea mtu vibaya kuliko wengine kwa sababu ya rangi, uraia, kabila au asili yake. Kwa hiyo lazima uonyeshe hao "wengine". Tuseme ombi lako la mtihani maalum (wa aliyekosa mtihani wa kawaida) limekataliwa: tafuta mwenzako wa jamii nyingine aliyekubaliwa kwa sababu kama yako, katika muhula huo huo, na mtu yule yule. Wawili au watatu ni bora kuliko mmoja. Angalia tofauti zitakazotumiwa kukuangusha: yeye alimaliza karo, wewe una salio; yeye aliomba mapema, wewe baada ya tarehe ya mwisho. Zikiwepo, mlinganisho huo hauna nguvu, na ni heri uugundue wewe kabla ya kamati. Barua za wenzako usiziambatishe bila idhini yao.

Sheria hiyo inagusa pia sharti linalowekewa wote lakini likaumiza jamii moja bila sababu ya msingi. Hili wengi hulisahau kwa kuwa hakuna aliyetukanwa.

3. Hifadhi ya simu. Picha ya skrini ionyeshe nambari ya aliyetuma (jina ulilomhifadhi nalo halithibitishi lolote), tarehe, na ujumbe uliotangulia. Usiikate. Hamisha gumzo lote la WhatsApp liende kwenye barua pepe yako, na usiifute simu hiyo wala kuiuza. Mambo yakifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kinachoeleza rekodi ilitolewa kwa kifaa gani na vipi.

4. Barua ya ukurasa mmoja. Peleka kwa mkuu wa idara, nakala kwa Mkuu wa Wanafunzi. Mlalamikiwa akiwa ndiye mkuu wa idara, panda hadi kwa mkuu wa kitivo. Matukio kwa mfuatano, mlinganisho, viambatisho vyenye nambari, kisha ombi mahususi: "karatasi yangu isahihishwe upya na mtahini mwingine." Ombi la "haki itendeke" halitekelezeki. Ongeza sentensi moja ya kuomba sababu za uamuzi kwa maandishi; ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki hiyo. Chapisha nakala mbili na moja igongwe muhuri wa masjala mbele yako. Bila muhuri, utaambiwa barua haikufika.

5. Ukihitaji rekodi. Chuo cha umma kina siku 21 za kujibu ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Haki hiyo ni ya raia. Mwanafunzi mgeni, na wa chuo cha binafsi pia, atumie Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kuomba taarifa zinazomhusu yeye mwenyewe.

6. Nje ya chuo. Ubaguzi wenyewe upeleke kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Chuo cha umma kikinyamaza tu, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo inayohusika na ukimya huo. Vitisho ni vya polisi: usiondoke kituoni bila nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Ushauri wa wakili usio na gharama unaweza kuuomba Kituo cha Sheria.

Alama zikishuka ghafla baada ya kulalamika, fungua faili jipya. Kulipiza kisasi kunahesabika kama ubaguzi chini ya sheria ile ile ya 2008, na ukichanganya kisasi hicho na lalamiko la kwanza utayadhoofisha yote mawili.

Kwa wahadhiri na viongozi wa madarasa. Kazi kubwa ya kuzuia ni ya mezani, si ya semina. Sahihisheni kwa nambari ya usajili. Hapa kwetu jina la ukoo peke yake mara nyingi humtajia msahihishaji kabila la mwanafunzi. Mikutano ya amani haiwezi kurekebisha hilo. Vikundi vya miradi vigawanywe kwa kura, maana wanafunzi wakijichagulia hukaa na watu wa jamii yao na mgeni hubaki bila kikundi. Ofisini, mwanafunzi mwingine akiwepo, mazungumzo ya lugha ya mama yasimame. Na maombi ya mtihani maalum yaingizwe kwenye daftari moja lenye sababu ya kila uamuzi: ndilo litakalomlinda mhadhiri aliyetenda haki akishtakiwa bure.