Kabla ya kumwita mwezeshaji wa mafunzo Lamu: mambo ya kuzingatia

Ukimwuliza mwenyekiti wa kikundi huku Lamu kwa nini anatafuta mwezeshaji, mara nyingi atakwambia mfadhili ametoa pesa za mafunzo na zinatakiwa zitumike kabla mwaka wa fedha haujafunga mwezi Juni. Kwangu hiyo haitoshi. Lazima kuwe na jambo ambalo kikundi hakiliwezi leo na kinataka kuliweza: kina mama waweze kuandika hesabu za mikopo yao bila kumtegemea katibu mmoja, wavuvi wakubaliane nyavu zipi hazitumiki tena kwenye eneo lao, au waongoza watalii wawe na utaratibu wa zamu gatini. Liandikeni jambo hilo kwa sentensi moja kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Likikataa kuandikika, kaeni tena, kwa sababu hata mwezeshaji bora hawezi kuwatafutia shida ambayo nyinyi wenyewe hamjaitaja.

Sentensi hiyo ndiyo itakayowaonyesha mnamtaka mtu wa aina gani. Anayewafundisha kina mama kuweka hesabu sharti azijue hesabu. Lakini anayewaongoza wavuvi kufikia uamuzi halazimiki kuijua bahari kuliko wao, na akiwa na msimamo wake mkali kuhusu nyavu, atawavuta waelekee kwake. Huyu kazi yake ni kuangalia kwamba kila aliyekuja amesikika, mazungumzo hayajaacha njia, na kilichokubaliwa kimeandikwa kwa maneno ya wenye kukubaliana. Vikundi vingi humwita mtaalamu vikitarajia awe mwezeshaji, vikaishia kusikiliza hotuba kutwa. Mkihitaji yote mawili, gawanyeni siku. Afisa wa uvuvi aje aeleze kwa saa moja sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inasemaje, aulizwe maswali mpaka watu waridhike, kisha mwezeshaji ashike usukani.

Baada ya hapo andikeni hadidu za rejea. Ukurasa mmoja unatosha: jambo lenyewe, washiriki ni nani na ni wangapi, wanazungumza lugha gani, wangapi hawasomi, siku ngapi, wapi, na mnataka kubaki na nini mkononi kikao kikiisha. Idadi ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mtu mmoja anawamudu vizuri watu ishirini hadi ishirini na watano. Wakipita thelathini, takeni wawezeshaji wawili au fanyeni vikao viwili, maana katika umati huo wanaozungumza ni wale wale watano waliozoea kuzungumza.

Namna ya kumchagua ndipo ningependa watu watumie muda zaidi. Vyeti na wasifu uliopambwa kwa picha vinakueleza mtu amepita wapi, havikuelezi atafanya nini mzee mmoja akishika kipaza sauti nusu saa nzima. Zungumzeni naye kwa simu au ana kwa ana, na msikilize anaanzia wapi. Akianza kwa kutaja bei na mada alizozizoea, endeleeni kutafuta. Akianza kwa kuuliza kikundi kilianzaje, nani hasemezani na nani, mafunzo ya mwisho yalileta nini na kwa nini hayakushika, huyo anajua kazi. Mwulizeni akusimulieni kikao kilichomshinda na alichofanya kesho yake. Mwulizeni pia ni kazi gani angeikataa. Mtu anayekubali kila kitu, kuanzia ufugaji wa nyuki mpaka usuluhishi wa ardhi, anauza siku zake tu.

Mkitaka wadhamini wa sifa zake, msiishie kwa waliomlipa. Ombeni namba za washiriki wawili waliokaa kwenye mafunzo yake kiasi cha miezi sita iliyopita, muwaulize swali moja: ni kitu gani mnakifanya tofauti tangu siku ile? Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani, alieleza mwaka 1959 ngazi nne za kupima mafunzo: watu wameyapenda, wamejifunza, wamebadili wanavyotenda, na kazi yenyewe imepata matokeo. Fomu zinazojazwa jioni ya mwisho hupima ngazi ya kwanza peke yake, tena baada ya chakula kizuri. Simu hiyo ya miezi sita inakufikisha ya tatu.

Mtakeni pia awaonyeshe mpango wa siku aliowahi kuutumia, mtazame ni muda gani watu wanafanya kitu na ni muda gani wanasikiliza. Nilihudhuria kikao kimoja kisiwani Pate kilichowakutanisha wavuvi na mama karanga, yaani wanawake wanaonunua samaki, kuwakaanga na kuwauza. Mwezeshaji aligawa chaki na vifuniko vya soda, akawaomba waonyeshe kwenye sakafu ya saruji samaki anapita wapi tangu kutoka chomboni mpaka kuliwa. Wanaume walichora upesi: chombo, tajiri anayenunua samaki, barafu, boti ya kwenda Mokowe, bara. Mama mmoja ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi aliinama, akaweka kifuniko nyuma ya tajiri, akasema, "Sisi twawapata hapa, saa nane, barafu imeshayeyuka." Hakuna aliyembishia. Mwezeshaji hakuongeza neno, alikizungushia chaki kile kifuniko na kuuliza nani mwingine anakijua, na mazungumzo ya siku nzima yakahamia hapo. Yule mama asingeinua mkono ukumbini. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kumtafuta, na mpango wake wa siku utakuonyesha kama huwa anaacha nafasi ya jambo kama lile kutokea.

Uhusiano wake na kikundi nao uchunguzwe bila aibu. Ndugu wa mwenyekiti, mtu wa ukoo mmoja mahali penye ugomvi wa koo mbili, au anayejulikana kwa siasa zake, hatasikilizwa hata akisema haki tupu. Jambo hili ni zito zaidi kwenye mikutano inayogusa ardhi au bandari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya karibu shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari mpya, na tangu hapo mtu akiita mkutano kuhusu bahari, swali la kwanza mitaani ni katumwa na nani. Kwa kikao cha aina hiyo ningemtoa mwezeshaji Malindi au Mombasa hata kama gharama itapanda. Kwa mafunzo ya kawaida ya kazi, wa karibu ni bora, kwa sababu ataweza kurudi.

Lugha haitatuliwi kwa kusema "wote wanajua Kiswahili". Kikao cha Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, kitaendeshwa kwa Kibajuni, lahaja ya huko, watu wakichangamka, Mpeketoni kuna mchanganyiko mwingine kabisa, na kwa Waaweer wa upande wa msitu wa Boni kuna wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa lugha yao. Mwezeshaji asiyesikia lugha ya chumba anahitaji mwenyeji wa kumnong'oneza, na muda wa kila zoezi uongezwe. Tena mwulizeni mapema kuhusu wanaume na wanawake kukaa pamoja. Kuna mada ambazo kina mama watazizungumza wakiwa peke yao na mwezeshaji wa kike, halafu wakachagua wawili wa kupeleka maneno kwenye kikao cha pamoja. Apange hivyo tangu mwanzo, asije akashangaa siku ya siku upande mmoja wa ukumbi umenyamaza.

Tarehe ipangwe na wanaoijua bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika hamsini, kwa hiyo boti iliyoshusha washiriki vizuri Jumatatu inaweza kuwashusha matopeni Ijumaa kwa saa ile ile. Wanawake wanaokwenda pweza hufuata maji ya bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mkiweka mafunzo yao siku hizo mtapata viti vitupu au mtawakosesha chakula. Wavuvi kinyume chake: kusi ikichachamaa, kati ya Juni na Agosti, wengi wako nchi kavu na wana nafasi, ila mwezeshaji anayevuka kwenda kisiwa cha Kiwayu ataonja mawimbi. Ramadhani na mfungo sita, wakati wa Maulidi, viacheni. Ijumaa ihesabuni kama nusu siku. Adhuhuri na alasiri ziandikwe kwenye ratiba kabisa, si kuachwa zikatize zoezi katikati.

Ukumbi nao una mambo yake katika mji wa kale wa Amu, yaani Lamu mjini. Nyumba zetu za mawe zina vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mkoko zinazobeba dari. Watu ishirini na watano hawawezi kukaa duara humo. Watakaa safu mbili zinazotazamana kama wako msibani, na mwezeshaji atasimama pembeni akisemea visogoni. Tafuteni darasa la shule wakati wa likizo, ukumbi wa kikundi, au juu kwenye makuti ambako upepo unapita. Karatasi kubwa za kuandikia zikibandikwa kwa seloteipu kwenye ukuta wa chokaa hung'oka na chokaa yake, na mwenye nyumba hatawakaribisha tena, basi fungeni kamba na vibanio vya nguo. Mwezeshaji atumiwe picha za chumba kabla. Mwambieni pia kama umeme ni wa kubahatisha, na mkimwona anayumba kwa kukosa projekta, mmejua mapema.

Kuhusu pesa, tenganisheni ada, nauli, malazi na vifaa, kila kimoja mstari wake. Siku moja ya kikao chenye maandalizi ya kweli humla mwezeshaji siku moja au mbili nyingine kabla, na karibu nusu siku ya kuandika ripoti. Ni haki zilipwe, na anayewaambia hahitaji maandalizi atawaletea mafunzo ya watu wengine. Malipo ya mafunzo kwa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo kubalianeni kama bei aliyotaja ni kabla ya makato au baada, na ombeni namba yake ya kodi (PIN) na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato. Hoteli za Shela au Malindi zinazowalipia wafanyakazi wake tozo ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mtu kwa mwezi, zinaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama, mradi mkufunzi awe amesajiliwa na NITA na idhini iombwe kabla ya mafunzo. Ukikumbuka baada ya kikao umechelewa.

Mkataba usiwe mrefu. Ueleze kazi, tarehe, malipo ya awali na ya mwisho, ripoti itafika lini, na bahari ikichafuka nani anabeba gharama ya siku iliyopotea. Ongezeni kwamba picha za washiriki na orodha ya majina na simu zao ni za kikundi, na hazitumiki kwingine bila ridhaa ya wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda, na kina mama wengi hapa hawataki kabisa sura zao ziwe kwenye matangazo ya mtu. Suala la posho na nauli za washiriki limalizeni nyinyi, kwa sauti, wiki moja kabla. Msimwachie mgeni alitangaze asubuhi ya kwanza, atapoteza saa nzima na heshima yake pamoja.

Wiki ya mwisho kabla ya kikao mwunganisheni mwezeshaji kwa simu na watu watatu wa kikundi: kiongozi mmoja, mshiriki wa kawaida mmoja, na mmoja kati ya wale wasioridhika. Huyo wa tatu viongozi hupenda kumficha. Mwezeshaji asiyemjua mtu huyo kabla atakutana naye mbele ya kadamnasi, na hapo siku imeharibika kwa jambo ambalo mazungumzo ya dakika kumi yangelilainisha.

Na kabla hajapanda boti ya kurudi, muwe mmeshaamua nani anabaki na zile karatasi zilizoandikwa ukutani, nani atazinakili kwenye daftari la kikundi ndani ya siku tatu, na mwezeshaji atapiga simu tarehe gani kuuliza yaliyokubaliwa yamefika wapi. Simu hiyo iwekeni kwenye mkataba, na sehemu ya mwisho ya malipo ingoje mpaka ipigwe.